Silaha Nyumbani na Shambani: Tuipime kwa Mizani Gani?

(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei, Songea)

UTANGULIZI



Wapendwa viongozi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, wajumbe wa halmashauri za walei, akina mama wa WAWATA, vijana, makatekista, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu ili kufika hapa. Mada tuliyopewa na Tume ya Haki na Amani si nyepesi. Tumeombwa tuseme juu ya silaha za moto: gobori la kulindia shamba, bunduki ya kuwindia, na bastola ya kulindia nyumba. Pengine mmoja wenu anajiuliza moyoni, padre na bunduki wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini ninyi wenyewe ndio mnaotuletea mambo haya, barazani baada ya Misa, ofisini, na hasa misibani. Mchungaji anayeulizwa na kondoo wake hana budi kujibu, hata kama jambo lenyewe halikufundishwa seminarini.

Hatukuja kusema kwamba kila mwenye bunduki ni mtu mbaya. Wala hatukuja kuibariki kila bunduki iliyofichwa darini. Tumekuja kupima, na apimaye sharti kwanza aikague mizani yake.

1. MASWALI MAWILI YALIYOTUFIKIA

Swali la kwanza lililetwa na mkulima mmoja, mtu mzima, mwenye mahindi na mikorosho michache. Alitujia nyumbani jioni. Hakuja kuungama, na baadaye alituruhusu tuyasimulie haya bila kumtaja jina, ili wengine wajifunze. Kwa majuma matatu alikuwa akilala juu ya dungu akilinda shamba lake dhidi ya nguruwe mwitu. Alikuwa na gobori alilorithi kwa babu yake, lisilo na kibali. Usiku mmoja usio na mwezi alisikia mahindi yakivunjika. Akaelekeza mtutu kwenye sauti, akafyatua. Aliyekuwa akipita kwenye mahindi alikuwa mtoto wa mdogo wake, kijana aliyetumwa kumpelekea baba yake mkubwa chakula na kumpokea zamu. Kijana alifariki kabla ya kufikishwa zahanati.

Ndugu walikaa usiku ule ule wakapatana: tuseme amevamiwa na watu wasiojulikana, na gobori litupwe mtoni. Yule mkulima akaja kwetu na maneno haya: "Baba, nikinyamaza, nitalima na watoto watakula. Nikisema, nitafungwa, na nguruwe watakula mahindi vile vile. Nifanye nini?"

Swali la pili lilikuwa letu wenyewe. Katika parokia tuliyoitumikia zamani, wezi waliingia katika nyumba ya mapadre usiku baada ya sikukuu ya mavuno. Walichukua sadaka yote, na mlinzi wetu, mzee wa umri wa babu, walimpiga wakamvunja mkono. Halmashauri ya walei ilipokutana, wajumbe kadhaa walishauri tuombe kibali na kununua bastola. Tukiri wazi: nasi tulitamani. Anayeamshwa usiku kwa kishindo cha mlango unaovunjwa hawazi kwanza juu ya Mahubiri ya Mlimani.

Maswali haya mawili yanafanana kuliko yanavyoonekana. Yote mawili yanauliza: nilicho nacho kinaweza kulindwa kwa kiasi gani cha damu, na damu hiyo itakuwa ya nani?

2. KANISA LINAFUNDISHA NINI

Kanisa halijawahi kufundisha kwamba Mkristo lazima ajiachie kuuawa. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alieleza kwamba mtu ana haki ya kuulinda uhai wake, na kama katika kujilinda kwa kiasi mshambulizi akafa, kifo hicho hakikuwa lengo lake. Lakini aliongeza sharti: nguvu ikizidi ile iliyohitajika, kujilinda kunageuka kuwa kosa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inarudia mafundisho hayo (namba 2263 hadi 2265), nayo inakwenda mbali zaidi: kwa aliyekabidhiwa maisha ya wengine, kama vile baba wa familia au mkuu wa jamii, kuwalinda si haki tu, kwaweza kuwa wajibu mzito.

Maandiko Matakatifu nayo yanapima kwa makini. Kitabu cha Kutoka (22:2-3) kinasema juu ya mwizi anayepasua ukuta. Akipigwa usiku akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini kama jua limekwisha kuchomoza, hatia ipo. Kwa nini jua libadili hukumu? Usiku hujui amekuja na nini, wala wako wangapi, wala jirani hakuoni. Mchana unamwona, unaweza kupiga yowe, na watu watakuja. Kumbe Torati inatuambia kwamba mali peke yake haitoshi kuwa sababu ya kuutoa uhai wa mtu. Kinachomwondolea mtu hatia ni hatari ya kweli isiyo na njia nyingine.

Sheria ya nchi yetu haiko mbali na hapo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, lakini inadai nguvu inayotumika iwe ya kadiri, ile tu iliyo ya lazima. Anayemfuata mwizi anayekimbia na kumpiga risasi mgongoni hajilindi tena. Amekuwa polisi, hakimu na mnyongaji kwa dakika moja.

Na Bwana wetu? Usiku ule wa Gethsemane mitume walikuwa na panga mbili. Petro alitumia moja, akamkata sikio mtumishi wa Kuhani Mkuu. Yesu alimwamuru arudishe upanga mahali pake, kisha akaligusa lile sikio akaliponya (Lk 22:49-51, Yn 18:10-11). Tutafakari jambo hili: Petro alikuwa na nia njema, na alikuwa akimlinda asiye na hatia kuliko wote. Hata hivyo alimjeruhi mtumwa aliyetumwa. Ndivyo ilivyo mara nyingi. Silaha ya mwenye hofu haimfikii aliye mkosaji mkuu, humfikia aliye karibu.

3. TUZIPIME SILAHA ZENYEWE

Katika parokia ile alikuwepo Mkristo mmoja, askari mstaafu, ambaye halmashauri ilimwomba atushauri. Tulidhani atatuambia ipi ni bora. Yeye alituuliza: "Bora kwa kazi gani, mikononi mwa nani, na nyuma ya shabaha kuna nini?" Tangu siku hiyo hatujapata kipimo kizuri kuliko hicho. Tuzipime basi moja moja kama alivyotufundisha.

Gobori. Hii ndiyo silaha ya vijijini mwetu. Hushindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, na kuwashwa kwa fataki. Wengi huisifu kwa sababu ni ya bei ndogo na fundi yuko jirani. Lakini lina kasoro kubwa. Baruti ikishika unyevu wakati wa masika, gobori hugoma, au huchelewa kulipuka wakati mtu amekwisha kulishusha. Mitutu mingine ni mabomba ya maji, ambayo hayakutengenezwa kustahimili mlipuko. Hupasuka na kumkata mpigaji vidole au kumtoa jicho. Zaidi ya hayo, lina risasi moja tu, na kulijaza tena huchukua muda. Kwa tembo au nyati ni hatari tupu: humjeruhi mnyama bila kumwangusha, na mnyama aliyejeruhiwa huja kulipiza kwa mpita njia wa kesho, mwanamke anayekwenda kisimani.

Bunduki ya marisau. Hii hurusha vidonge vingi vinavyotawanyika. Marisau madogo ni ya kanga na kwale, makubwa ni ya nguruwe na swala. Nguvu yake ya kuaminika huishia kwenye mita thelathini au arobaini. Kwa mkulima mwenye kibali anayelinda shamba, hii ndiyo inayofaa zaidi kati ya silaha zote, kwa kuwa haitupi mbali sana. Lakini kule kutawanyika kunakomsaidia mpigaji kutokosa shabaha ndiko kunakompata pia mtoto aliyesimama kando ya shabaha. Wala mtu asidhani kwamba mlango wa mbao au ukuta wa fito na udongo utamkinga aliye nyuma yake.

Raifo. Wawindaji wenye leseni wanaokwenda kwa tembo na nyati hutumia raifo nzito, za kipenyo cha .375 au zaidi, kwa sababu mnyama mkubwa hastahili kuuawa kwa mateso ya siku tatu. Ni silaha ya porini. Risasi yake ikikosa shabaha yaweza kwenda kilomita tatu na zaidi. Mwenye kuifyatua pembeni mwa kijiji anapiga kijiji kizima.

Bastola. Hapa ndipo penye vishawishi vya mjini. Bastola ni ndogo, hufichika, na katika sinema za video haikosi kamwe. Mstaafu wetu alicheka. Alisema mtutu mfupi hudai mazoezi ya mara kwa mara, na mkono unaotetemeka katika giza hukosa hata mlango. Kwa uwindaji haifai, maana haina nguvu wala usahihi wa kumwangusha mnyama kwa mbali. Kwa nyumba, udogo wake unaosifiwa ndio ubaya wake: mtoto anaweza kuiinua, mwizi anaweza kuiba, na mume aliyelewa anaweza kuichomoa kabla hasira haijapoa.

Tuseme na neno juu ya risasi zenyewe, maana wengi hupima bunduki wakasahau kinachotoka. Risasi iliyofunikwa yote kwa ganda gumu la shaba hupenya mwili ikaendelea na safari hadi kwa mtu wa pili. Risasi yenye ncha laini hutanuka ndani ya mwili na kukaa humo. Mwaka 1899, katika mkutano wa The Hague, mataifa yalikubaliana kutotumia vitani risasi za kutanuka, kwa ukatili wa majeraha yake. Lakini wawindaji waadilifu huzichagua hizo hizo, kwa sababu mnyama hufa upesi na risasi haipiti kwenda kwa mwingine. Tazameni ugumu wa jambo hili! Inayomwonea huruma aliye nyuma humtesa zaidi aliye mbele, na inayomwonea huruma aliye mbele humtafuta aliye nyuma. Dukani hakuna risasi isiyo na deni. Anayeinunua huchagua tu deni hilo litamwangukia nani.

Baada ya kuyasikia hayo, yule mlinzi wetu mzee, mkono ukiwa bado umefungwa, aliomba kusema. Alisema: "Mapadre, ninyi mnalala ndani. Bastola hiyo nitaishika mimi. Nikimuua kijana aliyekuja kuiba sadaka, na huenda namjua mama yake, nitakuwa nimemuua kwa ajili ya kikapu?" Mkutano ulinyamaza.

4. SONGEA INA KUMBUKUMBU YAKE

Ndugu zetu, tunazungumza mambo haya katika mji ambao kila Februari 27 hukumbuka mashujaa wake. Siku kama hiyo mwaka 1906, baada ya Vita vya Majimaji, wazee na majemadari wa Kingoni walinyongwa hapa Songea na watawala wa Kijerumani. Babu zetu waliingia vitani mwaka 1905 wakiamini dawa ya maji ambayo ingezuia risasi. Hatuwacheki. Walikuwa na dhuluma ya kweli ya kuipinga. Lakini bunduki za rashasha hazikugeuka maji.

Kanisa nalo lilimwaga machozi katika vita hivyo. Mwaka 1905 Askofu Cassian Spiss aliuawa akiwa safarini, pamoja na mabruda na masista waliokuwa naye, na misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, ilichomwa moto. Kisha watawala wakateketeza mashamba na maghala ili kuwashinda watu kwa njaa. Njaa hiyo iliua wengi kuliko risasi. Wanahistoria hukadiria jumla ya waliokufa kuwa kati ya elfu 75 na laki tatu. Vijiji vikawa mahame, pori likarudi, na wanyama wakarudi pamoja na pori. Sehemu kubwa za nchi iliyobaki bila watu huko kusini zilikuja kuingizwa katika Pori la Akiba la Selous. Kwa hiyo tembo anayeingia shambani mwako leo huko Namtumbo au Tunduru anapita katika njia iliyofunguliwa kwa sehemu na bunduki za mwaka 1905.

Tunatoa fundisho gani? Maji yale yaliwaahidi watu kwamba hawatadhurika. Bastola iliyo chini ya mto huahidi neno lile lile. Zote mbili ni hirizi mtu anapozitegemea badala ya kutafuta haki, umoja na akili. Tofauti ni kwamba hirizi ya leo, mtoto akiichezea, inaua.

Tena tuvuke mto Ruvuma. Jirani zetu wa Msumbiji walipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1977 hadi mapatano ya amani yaliyotiwa sahihi Roma Oktoba 4, 1992. Jumuiya ya Sant'Egidio pamoja na Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira walikuwa miongoni mwa wapatanishi. Amani ilipokuja, nchi ilikuwa imejaa bunduki. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Mwanglikana Dinis Sengulane, lilianza kupokea silaha na kutoa badala yake majembe, baiskeli na vyerehani. Silaha zilikatwakatwa, na wasanii wakazifanya sanamu. Kiti kimoja kilichoundwa kwa vipande hivyo mwaka 2001 kimewekwa katika jumba la makumbusho la British Museum huko London. Unabii wa Isaya juu ya panga kufuliwa kuwa majembe (Isa 2:4) ulitendeka ng'ambo ya mto wetu, kwa mikono ya watu maskini kama sisi.

5. HAKI YA MKULIMA

Hapa yatupasa kusema na upande wa pili, maana Tume hii inaitwa ya Haki kabla ya kuitwa ya Amani. Ni rahisi kumwambia mkulima aache gobori. Lakini nani atalala kwenye dungu lake? Ekari mbili za mahindi zikiliwa usiku mmoja na tembo, hizo ni ada ya shule na chakula cha mwaka.

Twajua pia ubaya wa silaha haramu porini. Hesabu ya tembo wa eneo la Selous ilishuka kutoka zaidi ya laki moja mwaka 1976 hadi takriban elfu 13 mwaka 2013. Serikali ililazimika kuchukua hatua. Lakini Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 ilisimamishwa baada ya malalamiko ya raia kuteswa na kunyanyaswa, na mawaziri wanne waliondolewa katika nyadhifa zao Desemba ya mwaka huo. Kanisa linasema wazi: mnyama hana thamani kuliko mtu, na anayewalinda wanyama kwa kumtesa mtu amepotea njia sawasawa na jangili.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imeweka mpango wa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Sheria hiyo pia inamtambua anayemuua mnyama katika kuokoa uhai, mradi atoe taarifa, na nyara ibaki mali ya Serikali. Viongozi wa jumuiya, hapo ndipo kazi yenu ilipo. Mkulima asiyejua kuandika barua hawezi kufuatilia madai peke yake. Mwandikieni, mpelekeni kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya wanyamapori ya wilaya, na msichoke kurudi. Kumnyang'anya mtu gobori bila kumsaidia kudai haki yake ni kumvua nguo wakati wa baridi.

6. TUFANYE NINI

Kwanza, tutumie njia zisizo na damu. Mahali pengi Afrika Mashariki wakulima huzungushia shamba kamba zenye vitambaa vilivyopakwa pilipili na oili chafu, au huchoma matofali ya kinyesi kilichochanganywa na pilipili. Tembo huchukia moshi huo. Wengine huning'iniza mizinga ya nyuki kuzunguka shamba, na tembo huwaogopa nyuki, tena mkulima hupata asali. Kwa nguruwe, lindo la pamoja, madebe na mbwa. Jumuiya inayosali pamoja iweze pia kulinda pamoja kwa zamu. Na katika lindo iwepo kanuni moja isiyovunjwa: ajaye apige mluzi na kuita jina, na aliye juu ya dungu asifanye lolote kabla hajaona kwa macho yake.

Pili, anayehitaji silaha kweli aitafute kwa sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inadai kibali. Maombi huanzia kwa viongozi wa kijiji au mtaa na kupitia polisi na kamati za ulinzi na usalama. Viongozi wa walei mnaoketi katika vikao hivyo, msipitishe jina kwa sababu ya ujamaa. Semeni kweli juu ya mlevi, juu ya anayempiga mkewe, juu ya mwenye kisasi cha mpaka wa shamba.

Tatu, mwenye kibali aiweke silaha yake chini ya kufuli, risasi mahali pengine na kufuli nyingine. Kumbukumbu la Torati (22:8) linamwagiza ajengaye nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Kufuli ya kabati ya bunduki ndiyo ukuta huo.

Nne, silaha zisizo na kibali zisalimishwe. Umoja wa Afrika uliutenga mwezi Septemba wa kila mwaka, hadi mwaka 2030, uwe mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha. Hapa nchini, kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, 2022, Serikali iliahidi kutowashtaki waliozisalimisha kwa hiari. Sikilizeni matangazo ya msamaha wa namna hiyo, nanyi msisubiri mtutu uue ndipo mwutupe mtoni. Anayeogopa kwenda polisi peke yake aje kwetu, tutakwenda naye.

7. MAJIBU TULIYOTOA

Parokia ile haikununua bastola. Tuliamua sadaka ihesabiwe Jumapili mbele ya wajumbe na kupelekwa benki mapema, isilale tena nyumbani. Tulinunua taa na mbwa wawili, na tukapatana na majirani kwamba kengele ya kanisa ikipigwa usiku kila mtu atoke. Hatuwezi kuwaahidi kwamba mwizi hatarudi. Tunachojua ni kwamba akirudi hatakuta sadaka, na mzee wetu hatalazimika kuchagua kati ya mkono wake na dhamiri yake.

Na yule mkulima? Tulimsomea Kumbukumbu la Torati (19:4-6), juu ya mtu aliyekwenda msituni na mwenzake kukata kuni, shoka likachomoka mpinini, likamuua mwenzake. Torati haimwiti mwuaji. Inampa mji wa kukimbilia. Lakini haimruhusu kulificha shoka na kusema mwenzake ameuawa na wasiojulikana. Tulimwambia: uongo huu utawaweka vijana wasio na kosa chini ya tuhuma, na utamnyima mdogo wako haki ya kujua mwanawe amekufaje. Risasi ina mwenyewe hadi mahali inapokoma, na hii imekomea kwa mdogo wako. Anza kwake.

Alikwenda. Hatukuwepo, wala hatukuuliza walivyoambiana. Asubuhi tuliongozana naye polisi, sisi na katekista wake. Sheria ilifuata mkondo wake, naye alitumikia kifungo. Lakini tangu siku za mahabusu, aliyempelekea chakula alikuwa mdogo wake, baba wa marehemu. Na jumuiya yao ililima shamba lake na kulilinda kwa zamu, bila gobori, misimu yote ambayo hakuwepo. Nguruwe walikula kiasi, nao watu walikula kilichobaki.

Wapendwa, mtu akituuliza sasa silaha gani ni bora, tutamrudishia maswali ya yule mstaafu: kwa kazi gani, mikononi mwa nani, na nyuma ya shabaha kuna nini? Sisi tutaongeza la nne: nani atakuletea chakula kama umekosea? Asiye na jibu la swali hilo atengeneze kwanza udugu na jirani zake, ndipo aende kuuliza bei.

Mungu awabariki, na Bikira Maria, Malkia wa Amani, atuombee.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika kijiji au mtaa wetu, watu wanaogopa nini hasa wakati wa usiku? Hofu hiyo inaweza kupunguzwa kwa njia gani bila silaha?

2. Je, tunamfahamu mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama akakosa kifuta jasho? Nani kati yetu atamwandikia barua, na lini?

3. Tungekuwa sisi ndugu za yule mkulima, usiku ule tungesema nini?

4. Jumuiya yetu inaweza kupanga lindo la zamu msimu ujao? Tuandike majina leo.